Visima Kumi na Kimoja vya Mama Vifungo

Sehemu ya Saba

Skrini ilikuwa imegeuzwa, na Mama Vifungo alikuwa bado anaitazama.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au lilikufikia likiwa limeshafungiwa sabuni dukani, habari ni hii. Fundi wetu wa cherehani, mwanamke ambaye maisha yake yote hajachimba shimo lenye kina zaidi ya la kupandia ua, alipata barua kutoka ofisi ya kodi. Barua ilisema mwaka jana alichimba visima kumi na kimoja, akalipwa na kampuni, na kodi hakulipa.

Chuo cha uuguzi nacho kilikuwa kimemsamehe binti yake nusu ya ada kwa kuwa mama ni fundi mwenye kipato kidogo. Kilipoziona kumbukumbu za kodi, kiliandika kwa adabu kwamba mtoto wa mchimba visima anaweza kujilipia.

Ndipo mama akaenda kupinga. Na afisa wa dawati namba tano, kijana wa miwani mwenye sauti isiyopanda wala kushuka, akamgeuzia skrini ajionee. Jina lilikuwa lake. Namba ya mlipakodi ilikuwa yake. Namba ya simu ya mchimbaji haikuwa yake.

Ilikuwa ya pacha wake.

Pacha wake wa kiume, aliyekuwa anaishi kwake mwaka wa pili sasa, chumba cha nyuma, na ambaye kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba kazi hakuna.

"Unaifahamu hiyo namba, mama?" afisa aliuliza.

"Naifahamu."

"Ni ya nani?"

"Ya mtu ambaye saa hizi anakula nyumbani kwangu."

Afisa akaandika. Mama Vifungo alichungulia karatasi. Ilisema: *Ndugu.*

"Sasa mama, nisikilize," afisa alisema. "Una siku thelathini za kupinga tangu upokee barua. Leo ni ya thelathini. Nahitaji vitu viwili kabla ya saa kumi. Cha kwanza, huyo aliyepata kipato aje asaini kwamba ni chake. Cha pili, kampuni iandike barua kwamba ilikosea mtu. Saa kumi mashine ya mhuri inafungiwa kabatini."

"Na nikichelewa?"

"Visima vinakuwa vyako."

Ilikuwa saa saba kasoro. Mama Vifungo alitoa simu, akapiga hapo hapo.

"Umeshakula?" aliuliza.

"Namalizia," pacha alijibu mdomo ukiwa umejaa.

"Maliza, chukua kitambulisho, njoo ofisi ya kodi. Dawati namba tano."

"Kuna nini huko?"

"Kuna visima."

Upande wa pili sahani iliwekwa mezani.

"Nakuja," pacha alisema.

Alipokuwa anamsubiri, Mama Vifungo alikaa kwenye benchi la wateja na kuhesabu sahani. Sahani tatu kwa siku, mwaka na zaidi. Hakufika mwisho wa hesabu. Alikumbuka cherehani ya kudarizi aliyoiuza mwezi wa tatu ili nyumba isikose umeme. Alikumbuka viatu vyeusi alivyomnunulia ndugu yake ili asiende kuomba kazi na ndala. Alikuwa amempa kwa mikono miwili, akamwambia, pacha, usikate tamaa.

Hakulia. Jirani yake kwenye benchi alikuwa anachora kwenye daftari, na machozi yangemharibia.

Pacha aliingia saa saba na nusu. Mwanaume mpana, mwenye viganja kama makasia, akitembea kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Viatu vyeusi vilikuwa miguuni.

Mama Vifungo hakumsalimia.

"Ulichimba visima?"

Pacha alitazama sakafu. Alimtazama afisa. Sakafu ilionekana ina huruma zaidi, akairudia.

"Nilichimba."

"Ukiwa unaniambia kazi hakuna?"

"Nilichimba kabla. Miezi minane, kule nilikokuambia naenda kutafuta. Niliporudi kazi ilikuwa hakuna kweli."

"Na hela?"

Pacha alionyesha sakafu kwa kidole.

"Iko chini," alisema.

"Chini wapi?"

"Mita themanini na mbili."

Afisa wa dawati namba tano, ambaye mpaka hapo alikuwa anapanga pini za karatasi, aliacha kupanga.

Basi msomaji wangu, pacha akaeleza. Kampuni ilimpa maeneo ya kuchimba, lakini mitambo ilikuwa juu yake mwenyewe. Alianza kwa kukodi. Kila alipolipwa, alichomoa cha kula, kilichobaki akaweka akiba ya kununua mtambo wake mwenyewe: kichwa cha chuma cha kuchimbia na mabomba yake, mali mpya, ikiwa bado inanuka mafuta ya dukani. Aliununua baada ya kisima cha kumi. Aliutumia mara moja. Kwenye kisima cha kumi na kimoja ardhi ilijifunga, mabomba yakakatika, na kila alichokuwa nacho kikabaki chini ya ardhi.

"Siku tatu nilijaribu kuyavuta," alisema. "Siku ya nne mwenye shamba akaniomba nifukie, maana mbuzi wake wangetumbukia."

"Ukafukia?"

"Nikafukia. Na simu za kampuni nikaacha kupokea. Nilijua watanidai kisima."

Mama Vifungo alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alikuwa amejiandaa kwa mwanamke, kwa kamari, kwa kiwanja kilichofichwa. Kwa mita themanini na mbili hakuwa amejiandaa. Hasira yake ilikuwa imesimama tayari mlangoni, imevaa, na sasa haikujua iende wapi.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza taratibu.

"Ulinipokea nikiwa sina kitu, ukaninunulia viatu. Ningeanzia wapi kusema nilikuwa nacho nikakizika?"

Afisa alikohoa.

"Samahani," alisema. "Hicho cha kumi na kimoja unasema kilikwama. Mimi hapa nakiona kimelipwa."

"Hakikulipwa," pacha alisema. "Nimelipwa kumi."

"Hapa pameandikwa kumi na kimoja."

"Basi hapo pamekosewa."

"Inawezekana," afisa alisema. "Kompyuta haichimbi, bwana. Inaandika inachoambiwa na kampuni. Hilo mtawauliza wao. Mimi sasa naomba kadi yako ya mlipakodi."

Pacha alitoa kadi kwenye pochi. Afisa akaisoma, akasoma kitambulisho, akarudi kwenye kadi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, naomba na yako."

Mama Vifungo alifungua mkoba, akatoa kadi yake iliyokuwa imechanika pembeni.

Afisa aliziweka kadi mbili sambamba mezani. Wenyewe wakainama. Mapacha hawa, ujue, walizaliwa siku moja na wakapewa majina yanayotofautiana herufi moja tu, ya mwisho. Kadi hazina picha. Na kadi ya pacha ilikuwa na herufi ya dada, na kadi ya dada ilikuwa na herufi ya kaka.

"Kila mmoja wenu anatembea na kadi ya mwenzake," afisa alisema. "Tangu lini?"

Walitazamana. Walijiandikisha siku moja, miaka minne iliyopita. Kadi zilipokuwa tayari, aliyekwenda kuzichukua ni marehemu mama yao, ambaye bila miwani alikuwa haoni herufi, na siku hiyo miwani alikuwa ameiacha juu ya redio. Aliwagawia kama alivyokuwa akiwagawia peremende: moja yako, moja yako, msigombane.

Afisa alikuwa ameshaingiza namba ya pili kwenye kompyuta. Alisoma kimya kimya. Kisha akamgeukia pacha, lile pande la mtu.

"Wewe," alimwambia, "mwaka jana umeshona sare za wanafunzi mia mbili na kumi."

"Mimi?"

"Umeshona na masweta."

Sare zile alizishona Mama Vifungo mwenyewe. Shule ilipomuomba namba ya kodi, alisoma iliyoandikwa kwenye kadi yake, akasaini, akaenda zake. Alikuwa amekuja hapa akijiona mtu aliyeibiwa jina, na kumbe na yeye alikuwa amevaa jina la mwenzake mwaka mzima, akiwa ametulia kabisa.

"Nitafungwa?" aliuliza.

Afisa alitafuta jibu kwenye kijitabu kwanza. Ndiyo tabia yake. Alifungua droo, akatoa kijitabu, akapekua, akafunga, akarudisha kijitabu ndani.

"Mmoja akitumia namba ya mwenzake, na mwenzake haitumii yake, hapo tunauliza nani anaficha nini," alisema. "Wote wawili mkibadilishana bila kujua, na wote mkapata hasara, hilo tunaliita..."

Alitafuta neno.

"...makosa."

"Ndiyo afadhali?"

"Afadhali sana, mama. Kama ingekuwa visima peke yake, ningeandika ndugu yako alijificha kwenye jina lako. Sare zako ndizo zinamwokoa yeye. Na zinakuokoa na wewe. Shule itaandika barua yake, hiyo haina haraka, kiasi ni kidogo. Kampuni ya visima ndiyo ya leo."

Alisukuma fomu mbele ya pacha, na kalamu juu yake.

"Soma kwanza. Ukisaini, kipato chote cha visima kinahamia kwako, na kodi yake pia. Ile asilimia waliyokukata kampuni kabla ya kukulipa itahesabiwa. Iliyobaki ni deni lako."

Pacha hakuwa na kitu. Mama Vifungo alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hata vocha ya simu alikuwa anamnunulia yeye. Alimwona anaitazama ile fomu kama shimo lingine. Akajikuta anataka kumwambia asisaini. Akamkumbuka binti yake, sare nyeupe aliyokwisha kumkatia na kuitundika nyuma ya mlango. Akafunga mdomo.

"Nikisaini," pacha alimuuliza afisa, "yeye anatoka?"

"Anatoka."

Pacha akasaini. Kalamu ilipotelea kwenye kiganja chake, ikatokea upande wa pili.

"Huo mtambo uliobaki chini," afisa alisema akipokea fomu, kwa sauti ile ile, "ni gharama ya kazi. Ukiwa na risiti, inapunguzwa kwenye kipato kabla ya kukokotoa kodi. Huenda usidaiwe kitu."

Pacha aliingiza mkono ndani ya shati, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na risiti ya mtambo. Alikuwa anatembea nayo mwili mzima ukiijua, kama watu wanavyotembea na picha ya marehemu.

Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, afisa wa dawati namba tano alionekana kufurahi. Aligonga risiti mezani mara mbili ili inyooke.

"Nileteeni barua ya kampuni," alisema. "Saa kumi."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Ofisi ya kampuni ya visima iko mitaa mitatu kutoka hapo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri. Mama Vifungo alitangulia. Pacha alifuata nyuma hatua tano, na kadiri ngazi zilivyokaribia ndivyo hatua tano zilivyokuwa kumi.

"Unaogopa?" dada alimuuliza bila kugeuka.

"Niliwaachia shimo, Pacha. Halafu sikupokea simu."

"Na mimi niliogopa leo. Panda."

Ndani kulikuwa na meza moja, feni moja inayopuliza mafaili badala ya watu, na karani wa kike mwenye kucha ndefu zilizokuwa zikigonga kompyuta kama mvua ya mawe. Nyuma yake palikuwa na mlango ulioandikwa *Mkurugenzi*, umefungwa.

Waliokuwa mbele yao walipomalizana naye ilikuwa saa tisa, na Mama Vifungo akaeleza kila kitu tangu peremende. Karani alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa, akavuta faili, akalinganisha kadi.

"Kosa letu na lenu," alisema. "Tuligawane."

Aliandika barua kwa dakika kumi. Ilikuwa barua safi: kampuni inakiri kwamba malipo ya visima yaliandikwa kwa namba isiyo ya mchimbaji, inaomba yahamishiwe kwa mchimbaji halisi, inaomba radhi kwa usumbufu. Printa ikakohoa, ikatema karatasi. Karani akaigonga mhuri. Mama Vifungo aliutazama ule mhuri, na kwa mara ya kwanza baada ya siku thelathini pumzi ilimshuka mpaka tumboni.

"Naambatanisha na hati za malipo," karani alisema. "Ofisi ya kodi huwa wanazitaka. Kumi na moja."

"Kumi," pacha alisema kutoka mlangoni.

Karani alizihesabu kwa ukucha. "Kumi na moja."

"Dada yangu, cha kumi na kimoja sikukimaliza. Sikulipwa. Siwezi kusahau, maana siku ile sikuwa na nauli ya kurudi nyumbani."

Karani akachomoa hati ya mwisho, akaisoma.

"Mwezi wa nane, tarehe ishirini na mbili. Taslimu. Ilichukuliwa hapa hapa ofisini, kabla ripoti ya shambani haijafika kwamba kisima kimekwama. Mimi nilikuwa likizo, alilipa mwenzangu. Ameandika pembeni: *kaja msichana, kaonyesha kadi, jina limelingana.*"

"Msichana gani?" Mama Vifungo aliuliza.

"Hakuandika. Ila alisaini."

Karani aligeuza hati, akaisogeza kwenye meza.

Sahihi ilikuwa ndogo, imelala upande mmoja, na mkia wake mwishoni uliopinda juu. Mama Vifungo alikuwa ameiona asubuhi ile ile. Ilikuwa chini ya fomu ya kuomba upya msamaha wa ada ya chuo cha uuguzi, kwenye mkoba wake, ukurasa wa pili, mahali palipoandikwa *Sahihi ya mwanafunzi.*

Mwezi wa nane. Mwezi huo wa nane, mwaka jana, binti yake alikuja na ada ya fomu na ya vipimo vya hospitali, akasema amefundisha hesabu watoto wa mtaa wa pili. Mama Vifungo alikuwa amempigia vigelegele. Alikuwa amewasimulia wateja watatu, akiwa na pini mdomoni.

Feni iligeuka, ikainua kona ya hati, ikaiacha.

"Unaifahamu hii sahihi, mama?" karani aliuliza.

"Hapana," Mama Vifungo alisema.

Lilitoka jepesi kabisa, na lilimshangaza yeye mwenyewe. Ndani ya saa mbili alikuwa amemhukumu ndugu yake kwa uongo wa mwaka na zaidi, na sasa uongo wake mwenyewe ulikuwa umelala juu ya meza.

Karani alimgeukia pacha. "Na wewe?"

Pacha alisogea. Aliinamia ile hati muda mrefu. Mama Vifungo alijua ndugu yake anachokiona, maana ni pacha huyo aliyekaa na binti wiki iliyopita wakijaza fomu ile ya chuo, mistari yote, mjomba anasoma, mtoto anaandika.

"Kama hamumjui," karani alisema, "basi ni mwizi aliyetumia kadi ya mtu, na hapo mimi sina maelezo mengine. Lazima niwapigie simu polisi kabla barua hii haijatoka." Alishika mkono wa simu ya mezani.

Kiganja cha pacha kilishuka juu ya simu, taratibu, kikaifunika yote.

"Hakuna haja, dada," alisema. "Nilimtuma mimi."

"Ulisema hukulipwa."

"Niliona aibu. Hela niliipokea. Kumi na moja, kama ulivyosema."

Hakumtazama dada yake. Mama Vifungo alijua maana ya kauli ile: hela ambayo ndugu yake hakuionja sasa ilikuwa imeingia kwenye kodi yake, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya shahidi.

Karani aliachia simu. Alionekana kupata nafuu.

"Basi umetusaidia sana," alisema, akiinuka na kuuendea ule mlango wa nyuma. "Maana hela ya kisima kisichokamilika haikutakiwa kutoka hapa. Mwenzangu alifukuzwa kazi kwa hiyo hati, na mkurugenzi anamtafuta aliyeipokea tangu mwezi wa tisa."

Barua yenye mhuri ilikuwa bado mezani, hatua moja kutoka mkono wa Mama Vifungo. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika arobaini.

Karani aligonga mlango, akaufungua kidogo.

"Mzee," alisema, "yule wa kisima cha kumi na kimoja amekuja mwenyewe."

Ndani, kiti kilisukumwa nyuma.